Kikombe cha Saba

"Mimi sijawahi kuanguka na baiskeli maisha yangu yote," Prena alipenda kusema. Kisha alikuna goti. "Ukiacha ile mara ya darajani. Na ile ya mbwa. Ile ya harusi ya Ndoc hatuihesabu, maana siku ile barabara ndiyo iliyokuwa imelewa."

Alikuwa na miaka sabini na mmoja, na mji wake ni Shkodra, ambako kila mtu ana baiskeli. Padri anayo, muuza nyama anayo, bibi harusi anayo. Prena aliendesha akiwa msichana, akaendesha akiwa mke wa mtu, akaendesha akiwa mjane. Ni magoti tu yaliyoanza kulalamika.

Mumewe Zef alipofariki, Prena aliliuza gari la marehemu. Hakujua kuliendesha, na mtu wa kumfundisha bila kupigiana kelele alikuwa amekwisha zikwa. Akanunua baiskeli ya umeme. Ilikuwa na mota ndogo kwenye gurudumu la nyuma na betri ndefu nyuma ya kiti. Ukikanyaga pedali, mota inakusukuma taratibu, kama mtu mwenye adabu aliyekuwekea mkono mgongoni.

Aliinunua kwa ajili ya Alhamisi.

Kwa miaka thelathini, kila Alhamisi, Zef alimpeleka Prena kijiji cha Zogaj, ukingoni mwa ziwa, kwa dada yake Dava. Dada hao wawili walikaa benchi moja mbele ya mtambo wa kufumia mazulia. Prena kushoto, Dava kulia. Mikono yao ilikutana katikati. Walifuma na kusengenya. Walianza na nyumba ya kwanza ya kijiji, wakaenda mpaka ya mwisho, kisha wakarudi ya kwanza, maana huko nyuma lazima mtu amekwisha fanya jipya.

Halafu Zef akaugua. Miaka mitatu Prena hakubanduka kando ya kitanda chake. Zulia jekundu lilibaki nusu.

Sasa Dava alikuwa na miaka themanini na miguu mibovu. Hakuweza kuja mjini. Na mwanawe Pashk, aliyeko Ujerumani, alikuwa amepiga simu na kusema neno moja lililomkosesha Prena usingizi: Jumamosi ya mwisho ya Oktoba angekuja kumchukua mama yake. Moja kwa moja. Nyumba ingefungwa.

Zilibaki Alhamisi mbili.

Alhamisi ya kwanza Prena alivaa skafu nzuri, akafunga mkate wa mahindi kwenye kitambaa, akaondoka saa mbili asubuhi. Alivuka mto Buna. Alipita kijiji cha Shiroka, ambako barabara inakwenda sambamba na maji. Kioo kidogo kwenye usukani kilionyesha mistari mitatu kati ya mitano. Umeme ulikuwepo wa kutosha.

Kilima cha kwanza baada ya Shiroka, baiskeli ikazima.

Haikupunguza mwendo kwanza. Haikutoa onyo. Ilizima tu, kioo kikawa cheusi.

"We!" Prena aliiambia. "Si ulisema mitatu?"

Akangoja kidogo, akawasha tena. Mistari mitatu ikarudi, bila aibu. Akapanda, akaenda hatua kumi, ikazima. Akaisukuma kwa mkono mpaka kwenye kona. Ilikuwa nzito kama ndama anayeburutwa kutoka kwa mama yake. Kwenye kona alikaa juu ya ukuta mfupi wa mawe, akihema.

Kutoka hapo aliweza kuona moshi wa Zogaj. Moshi mmoja, wa pili, wa tatu. Wa Dava ulikuwa wa mwisho, ule mwembamba, maana Dava alikuwa bahili wa kuni tangu utotoni. Prena aliutazama mpaka macho yakamwasha. Alijua saa ile Dava anaweka kahawa jikoni. Alijua hata sufuria ipi.

Kisha akageuza baiskeli, akateremka nayo kurudi nyumbani.

Jioni alipiga simu.

"Nilikuwa nije leo," alisema. "Baiskeli imenigomea."

"Nani alikuambia uje?" Dava alijibu. "Mimi nina kazi. Nafunga mizigo."

"Nilitaka tukae kidogo kwenye mtambo."

"Mtambo gani? Ule niliukata kuni majira ya baridi ya mwaka juzi. Uliwaka vizuri sana."

Prena alihamishia simu sikio la pili.

"Na zulia?"

"Panya. We Prena, usinisumbue na zulia. Mimi sina ninachokisubiri hapa. Hata redio imekufa tangu mwaka jana. Kimya tu humu ndani. Pashk anasema huko Ujerumani nitapata redio kubwa kama kabati."

"Alhamisi ijayo nitakuja."

"Usije," alisema Dava. Lakini hakukata simu. Walikaa hivyo, kila mmoja akisikiliza mwenzake anavyopumua, mpaka Dava akasema maziwa yanachemka.

Prena angeweza kukodi teksi. Aliwahi kufanya hivyo mara moja. Dereva alimsubiri nje akipiga honi kila baada ya dakika tano, na Dava akatoka na ufagio. Hayo hayakuwa matembezi. Na jamaa wenye magari wote walikuwa wamekwenda nayo ng'ambo.

Asubuhi jirani yake Ndoc alichungulia juu ya ukuta. Ndoc alikuwa dereva wa lori zamani, na tangu astaafu alitengeneza vitu vya watu bila kuombwa.

"Betri imezeeka, jirani," alisema. "Ilete. Naifungua kwa bisibisi, nasugua ndani kwa msasa, halafu naipiga na chaja yangu ya lori. Ile chaja ina nguvu! Ikiwaka, taa za mtaa mzima zinainama."

"Ndoc," alisema Prena, "pasi yangu uliitengeneza wewe. Sasa inapasha joto kila kitu isipokuwa nguo."

"Pasi ni kitu kingine."

"Ndiyo. Pasi haikulipuka."

Akaichomoa betri kwenye baiskeli, akaiweka kwenye kikapu cha baiskeli ya zamani ya marehemu, akaenda kwa fundi Vitore.

Vitore alikuwa na karakana karibu na soko. Alikuwa amefanya kazi Italia miaka tisa, kwenye kiwanda cha baiskeli za umeme. Kisha akarudi. Watu walimshangaa: wote wanaondoka, wewe unarudi kufanya nini? Aliwajibu kwamba amechoka kunywa kahawa akiwa amesimama.

"Karibu, mama," alisema. "Imefanyaje?"

"Ina mistari mitatu, halafu inakufa."

"Unaichaji namna gani?"

"Kama kitabu kinavyosema."

"Mpaka inajaa kabisa?"

"Mpaka inajaa kabisa, mwanangu. Mimi ni mtu wa kufuata maagizo."

Vitore alivaa glavu, akavua saa na pete, akaifungua betri juu ya meza ya mbao. Ndani zilijipanga seli, mithili ya betri nono za tochi, zimefungwa pamoja kwa makundi. Makundi yalikuwa kumi, yamefuatana kama watu kwenye foleni. Vitore alichukua mita yake yenye waya mbili, akagusa kundi la kwanza.

"Volti tatu nukta tisa. La pili, tatu nukta tisa. La tatu, hivyo hivyo." Aliendelea taratibu. Alipofika la saba akasita. Akapima tena. "Tatu nukta nne."

Alimaliza mpaka la kumi, akaweka mita chini.

"Mama, kundi la saba linasema unanidanganya."

Prena alitazama dari. Dari ilikuwa na buibui.

"Wewe ulikuwa mtoto," alisema hatimaye. "Hukumbuki ile miaka. Umeme ulikuja saa mbili, ukaondoka saa nne. Ukirudi, ulirudi na hasira. Uliniunguzia friji mbili na televisheni. Tangu hapo mimi nachomeka kitu, nasimama hapo hapo, nikiona kimepata kiasi nachomoa. Kabla umeme haujabadili nia. Betri hii naipa mistari minne, basi. Wa tano sijawahi kuuona."

Vitore akacheka mpaka akashika meza.

"Mama yangu mpaka leo anachomoa friji akienda kanisani."

"Mwanamke mwenye akili. Unisalimie."

"Sawa, lakini sikiliza." Vitore alikwenda kabatini, akaleta sinia na vikombe kumi vidogo vya kahawa. Akavipanga mstari mmoja. Akatia maji kwenye kila kikombe, nusu. Kikombe cha saba akakitia kidogo tu, kikawa na maji ya chini kabisa.

"Hivi ndivyo ilivyo ndani ya betri yako. Sasa wageni wanakunywa. Wote wanakunywa kwa mwendo mmoja, maana wamefungwa pamoja. Nani atamaliza kwanza?"

"Huyu maskini wa saba."

"Na kwako, mgeni mmoja akimaliza kahawa, akageuza kikombe, inakuwaje?"

"Wote wanasimama. Mkubwa wao anasema tumewachosha, na wanaondoka."

"Basi betri ni hivyo hivyo. Ndani mna ubao mdogo wa ulinzi. Huu hapa. Ukiona kundi moja limekwisha, unazima kila kitu. Haujali wengine bado wanayo. Ukiliacha lile moja liendelee kunyonywa likiwa tupu, linaharibika kabisa. Ndiyo maana kioo kinasema mitatu, na baiskeli inazima. Kioo kinatazama sinia nzima. Ubao unatazama kila kikombe."

Prena aliinama kwenye sinia. Alikigusa kikombe cha saba kwa kidole.

"Kwa nini yeye kabaki nyuma?"

"Seli hazifanani, hata zikitoka kiwandani siku moja. Huyu mzito kidogo, huyu mwepesi. Kila safari wanaachana kidogo. Sasa, ule ubao una kazi ya pili. Ni kama mwenye nyumba mzuri. Anaona nani amejaa mno, anampunguza tone tone, ili kumimina kuendelee na aliyebaki nyuma naye ajazwe. Mwishoni wote wanakuwa sawa. Kusawazisha huko anaanza lini? Chaji ikikaribia kujaa. Mwishoni kabisa. Na anakwenda polepole mno."

"Na mimi nachomoa mstari wa nne."

"Kila siku unamfukuza mwenye nyumba kabla hajashika birika."

Prena akakaa kwenye kigoda.

"Amekufa? Huyu wa saba?"

"Hapana. Ningeona volti zake zinashuka zenyewe, au amevimba, ningekuambia abadilishwe. Ni mzima. Kabaki nyuma tu."

"Kabaki nyuma tu," Prena alirudia. Vitore alidhani anawaza betri. Prena alikuwa anawaza moshi mwembamba wa mwisho.

"Mwanangu," alisema, "mimi nataka Alhamisi. Baada ya Alhamisi hiyo sina haja na betri wala na baiskeli."

"Leo Ijumaa. Niachie mpaka Jumanne. Kundi la saba nitalijaza peke yake, pole pole, kwa chaja ndogo ya karakana, mpaka liwafikie wenzake. Kazi hii usiifanye nyumbani. Wala usimpe yule jirani yako."

"Unamjua Ndoc?"

"Nani hamjui? Alinitengenezea kengele ya mlango. Nikiibonyeza, mlango wa jirani unalia."

Jumanne betri ilikuwa tayari. Vitore alimwonyesha mita: makundi yote kumi yalisema kitu kimoja. Kisha akamweka Prena kwenye kigoda na kumfundisha kama mtoto wa darasa la kwanza, na Prena akabisha kama mtoto wa darasa la pili.

"Ukirudi safari, iache ipoe nusu saa kabla ya kuchaji."

"Kama mkate."

"Kama mkate. Na siku ya baridi ya kuganda, ikitoka nje iache ndani ipate joto la chumba kwanza. Betri iliyoganda haichajiwi."

"Basi nilikuwa sawa! Mimi naifunika blanketi ikichaji."

"Blanketi la nini?"

"La sufu. Isipate baridi."

Vitore alishika kichwa. "Mama, ikichaji inatoa joto. Usiifunike kitu chochote. Iweke juu ya sakafu ya mawe au vigae, mbali na jiko, mapazia na zulia. Na huwa unaiweka wapi?"

"Mlangoni. Ikileta fujo niitupe nje."

"Ikileta fujo, wewe utapita wapi?"

Prena akafikiri. "Dirishani," alisema. "Lakini kiuno hakitakubali."

"Basi iwe mbali na mlango wa kutokea. Usiichaji ukiwa umelala, wala ukiwa umetoka. Tumia chaja yake yenyewe, si ya mtu mwingine hata kama plagi inaingia. Ukiona imevimba, inanuka au ina moto wa kuunguza, usiiguse. Toka nje, piga simu."

"Na umeme ukirudi na hasira?"

Vitore akampa soketi ya waya mrefu yenye kitufe chekundu. "Hii ina kinga. Umeme ukija na nguvu nyingi, inaukatia hapa. Na siku hizi umeme si ule wa zamani. Uamini kidogo."

"Kidogo," Prena alikubali.

"Siku za kawaida mistari minne inatosha, hata ni vizuri kwa betri. Lakini kila baada ya wiki tatu hivi, ijaze mpaka taa ya kijani, halafu iache kwenye umeme saa mbili zaidi. Zile saa mbili ndizo za mwenye nyumba. Kisha chomoa, usiiache hapo siku nzima. Na ukikaa muda mrefu bila kuendesha, iache nusu, si tupu, si imejaa. Kesho fanya ile ya kujaza. Kesho kutwa unaondoka."

Jumatano Prena alikunywa kahawa ya mchana, akaweka betri juu ya vigae vya jikoni, upande wa kabati la vyombo. Hakukuwa na zulia. Hakukuwa na blanketi. Alichomeka saa sita. Akavuta kiti, akakaa akiitazama, na soksi ya kufuma mapajani.

Saa nane ulikuja mstari wa nne. Mkono wake wa kulia uliinuka wenyewe. Prena akaukamata kwa mkono wa kushoto.

"Tulia," aliuambia.

Saa tisa na nusu mstari wa tano uliwaka. Prena aliinama kuutazama. Ulikuwa wa kawaida tu kama wenzake, lakini alihisi kama mtu aliyekaa na mke wa kaka yake miaka yote, leo ndiyo anamwona akicheka. Baadaye kidogo taa ya chaja ikawa kijani.

Ndoc akaingia bila kubisha.

"Kijani!" alipiga kelele. "Chomoa, jirani! Unasubiri nini, iungue?"

"Kaa kitako, Ndoc. Mwenye nyumba bado anagawa kahawa."

"Mwenye nyumba gani?"

"Aliye ndani ya betri."

Ndoc aliitazama betri. Akamtazama Prena. Akatoka kinyumenyume, akaenda kumwambia mkewe kwamba ujane umempanda Prena kichwani.

Saa kumi na moja kasorobo, umeme ukakatika.

Friji ilishusha pumzi, ikanyamaza. Taa ya chaja ikazima. Prena alisimama. Ile miaka yote ikamrudia: giza, harufu ya mshumaa, Zef akilaani friji. Vidole vyake vilikuwa tayari juu ya waya. Aliwaza: nikichomoa sasa, hakuna kitakachoungua. Aliwaza pia: kesho ni Alhamisi ya mwisho. Wa saba bado anajazwa.

Akarudi kwenye kiti. Akakalia mikono yake yote miwili.

Dakika tano zilipita. Friji ikakohoa, ikaanza. Kitufe chekundu cha ile soketi ya Vitore kiling'ara. Taa ya chaja ikawaka nyekundu, ikafikiri, ikawa kijani. Hakuna kilichoungua. Prena alikaa saa nyingine nzima kwa ajili ya dakika zile tano zilizopotea, maana hakutaka mgeni yeyote aseme amepunjwa. Kisha akachomoa.

Alhamisi asubuhi kulikuwa na ukungu mwembamba. Prena alivuka Buna akiwa na mistari mitano. Shiroka, minne. Akafika kwenye kile kilima. Hakuikemea baiskeli, hakuibembeleza. Alikanyaga tu, na ule mkono wenye adabu ukamsukuma mgongoni. Aliupita ule ukuta wa mawe bila kuutazama. Kilima cha pili, minne bado. Kilima cha tatu aliona mapaa ya Zogaj, na moshi mwembamba wa mwisho, na akaanza kuimba kwa sauti mbaya wimbo wa harusi ambao maneno yake alikuwa ameyasahau nusu.

Dava alikuwa amekaa nje ya mlango, uso wake umeelekea barabarani. Alipomwona akageuza kiti haraka kuelekea ukutani.

"Nani huyo?" alisema.

"Posta."

"Posta haina mapua kama hayo."

Walishikana. Dava alikuwa amepungua, mifupa yake ilihesabika kupitia koti. Kisha akamsukuma mdogo wake.

"Umechelewa," alisema. "Kahawa imepoa."

"Ulisema nisije."

"Kahawa yangu mwenyewe, nasema."

Mezani vikombe vilikuwa viwili.

Prena aliichomoa betri kwenye baiskeli, akaikumbatia kifuani. Jua lilikuwa limetoka, na fundi alikuwa amesema isiachwe juani.

"Nitaiweka ndani. Mahali pakavu, pa baridi, mbali na mlango."

"Weka jikoni."

"Jikoni una moto. Chumba cha nyuma kinafaa."

"Chumba cha nyuma hapana!" Dava alisema. "Kuna vitunguu."

"Betri haili vitunguu."

"Kuna vitunguu vingi. Prena! Miguu yangu haiwezi kukufukuza, hiyo ni haki kweli?"

Lakini Prena alikuwa amekwisha fungua.

Mtambo ulisimama pale pale, katikati ya chumba. Nyuzi zilikuwa zimekazwa. Zulia jekundu lilikuwa limefika nusu, kwenye ule ule mstari ambao Prena aliuacha siku Zef alipougua, na fundo lake la mwisho bado lilikuwa lake, lile la kushoto, lisilonyooka. Hakukuwa na vumbi hata chembe. Mtu alikuwa amelifuta kila siku. Kwenye benchi palikuwa na mito miwili.

Kitunguu hakikuwepo hata kimoja.

Prena aliweka betri sakafuni, kwenye kona. Akapangusa macho kwa ncha ya skafu.

"Uliwaka vizuri sana, eh?"

"Nilikata kuni," alisema Dava kutoka mlangoni. "Sikumbuki nilikata nini."

Wakakaa. Prena kushoto, Dava kulia. Kwa kitambo hawakufuma, waligusa tu nyuzi. Kisha mikono ikakumbuka yenyewe. Walianza na nyumba ya kwanza ya kijiji. Walikuwa wamefika ya nne, na mstari wa pili wa zulia, simu ya Dava ilipolia. Aliiweka wazi juu ya benchi, maana mikono ilikuwa na kazi.

"Mama," ilisema sauti ya Pashk, "nimeahirisha likizo yangu kama ulivyosema, nisije Jumamosi hii. Lakini hilo zulia litaisha lini? Si ulisema mnunuzi analisubiri na limebaki mistari miwili?"

Dava alilitazama zulia. Lilibaki nusu. Lilikuwa kazi ya majira ya baridi yote, ya wanawake wawili, kila Alhamisi.

"Miwili tu, mwanangu," alisema. "Labda mitatu. Macho yangu hayaoni vizuri."

Prena alijaribu kujizuia. Alijifunika mdomo kwa kibonge cha sufu. Kicheko kikamtoka puani.

"Mama, nani anacheka hapo?"

"Redio," alisema Dava.



"Mama," alisema Pashk taratibu, "redio si imekufa tangu mwaka jana?"